Kutumia Adapta ya Maikrofoni Safarini: Namna ya Kurekodi Sauti Safi kwa Simu

Simu ikishindwa kuitambua maikrofoni uliyoichomeka, haikuambii. Inaendelea kurekodi kwa maikrofoni yake ya ndani, kipimo cha sauti kinapanda na kushuka kama kawaida, dakika zinahesabika kwenye kioo, nawe unaamini kwamba kazi inakwenda vizuri. Jambo hilo lilinipata katika soko la samaki la Feri, pale Magogoni, nilipokaa na mzee mmoja aliyevua samaki tangu ujana wake, akanieleza kwa dakika 40 hivi namna walivyokuwa wakiusoma upepo wa kaskazi na wa kusi kabla ya kuiingiza ngalawa majini. Maikrofoni ya kubana nilikuwa nimeiweka kifuani pake, na simu ilikuwa mfukoni mwangu. Usiku nilipoketi nyumbani kusikiliza, nilisikia kitambaa cha suruali yangu kikiisugua simu, na mbali nyuma yake sauti ya mzee, kama mtu anayezungumza akiwa chumba cha pili. Maikrofoni ilikuwa nzima, simu ilikuwa nzima. Kilichoharibu kazi ni adapta yenye urefu wa kidole iliyokuwa katikati yao, ambayo niliinunua bila kuitazama plagi yake.

Ninachoeleza hapa kinamhusu mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda kurekodi mazungumzo, masimulizi, ngoma au mihadhara kwa simu na maikrofoni ya nje, awe anavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, anapanda boti ya Unguja, treni ya Morogoro au basi katika kituo cha Magufuli kule Mbezi. Neno "kipaza sauti" nimelikwepa kwa makusudi, kwa sababu wengi hulitumia pia kwa spika inayotangaza, ilhali hapa tunazungumzia chombo kinachopokea sauti peke yake.

Kuisoma plagi

Chukua plagi ya maikrofoni yako, ile nyembamba ya milimita 3.5, uitazame penye mwanga. Utaona pete za plastiki, mara nyingi nyeusi, zinazoigawa sehemu ya chuma. Pete zikiwa mbili, plagi ina migusano mitatu na huitwa TRS. Maikrofoni nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera huwa na plagi hii. Pete zikiwa tatu, migusano ni minne na plagi huitwa TRRS, nayo ndiyo ambayo tundu la simu huitarajia. Ukianzia nchani, mgusano wa kwanza ni wa sikio la kushoto, wa pili ni wa sikio la kulia, wa tatu ni wa ardhi, yaani njia ya umeme kurudi, na wa nne, ulio karibu na shina, ndio wa maikrofoni. Mpangilio huu hujulikana kwa jina la CTIA na ndio unaofuatwa na simu karibu zote za sasa. Baadhi ya simu za zamani zilifuata mpangilio wa OMTP, ambamo ardhi na maikrofoni zimebadilishana nafasi, na mtu anayerithi simu ya namna hiyo atahangaika na kila maikrofoni atakayoichomeka.

Inafaa kuelewa kwa nini simu hunyamaza pale inapopewa plagi isiyo yake. Plagi ya TRS ikiingia katika tundu la simu, sehemu yake ya mwisho ya chuma, ambayo ni ndefu, hugusa kwa pamoja mgusano wa ardhi na ule wa maikrofoni. Simu huupima mgusano wa maikrofoni, hukuta umeungana na ardhi, na huhitimisha kwamba zimechomekwa hedifoni za kusikilizia tu. Kwa mantiki yake haijakosea, na ndiyo maana haioni sababu ya kukuonya. Inafanya kile ambacho ingefanya kwa mtu anayesikiliza muziki, yaani inaendelea kuitumia maikrofoni yake ya ndani. Adapta niliyokwenda nayo Feri ilikuwa na pete mbili upande wa plagi, na tundu lililolingana na pete hizo. Kwa kweli haikuwa adapta, ilikuwa waya wa kurefushia hedifoni uliokatwa mfupi.

Unachohitaji kwa maikrofoni ya kamera ni adapta yenye tundu la TRS upande mmoja na plagi ya TRRS upande wa pili. Kama unataka kusikiliza huku unarekodi, tafuta ile yenye matundu mawili, moja lenye alama ya maikrofoni na jingine lenye alama ya hedifoni, na plagi moja ya pete tatu. Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi: kuna adapta nyingine inayofanana nayo sana, isipokuwa mpangilio wake umegeuzwa, ina tundu moja na plagi mbili. Hiyo ni ya kuchomeka hedifoni za simu kwenye kompyuta yenye matundu mawili, na kwa kazi yetu haina msaada wowote. Muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa yoyote kati ya hizo mbili kwa kuwa kwake zote ni "za maiki", kwa hiyo zihesabu pete wewe mwenyewe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Mtu anayetaka kufanya kinyume, yaani kuchomeka maikrofoni ya simu kwenye kamera, anahitaji adapta ya kinyume, yenye tundu la TRRS na plagi ya TRS.

Simu isiyo na tundu la duara

Tangu mwaka 2016, iPhone 7 ilipotoka bila tundu la milimita 3.5, simu nyingi za bei ya juu zimefuata njia hiyo, na tangu iPhone 15 ya mwaka 2023 hata Apple wanatumia tundu la USB-C, ambalo madukani kwetu tunaliita Taipu-C. Jambo hili limerahisisha safari kwa upande mmoja, kwa sababu adapta moja inaweza kufaa simu za kampuni mbalimbali, lakini limeleta ugumu wake pia.

Adapta za Taipu-C zinazoonekana sawa kwa nje zinatofautiana ndani. Baadhi yake zina kifaa kidogo cha kielektroniki kinachoigeuza sauti kuwa tarakimu kabla haijaingia katika simu. Nyingine ni waya mtupu: zinategemea simu yenyewe itoe na kupokea umeme wa sauti kupitia tundu la Taipu-C, na simu isiyo na uwezo huo haitafanya lolote. Tena zipo zilizotengenezwa kwa kusikilizia tu, ambazo hazina njia ya maikrofoni kabisa ijapokuwa tundu lake linaipokea plagi ya pete tatu vizuri bila kulalamika. Ukiwa dukani, uliza kama adapta inapokea maikrofoni, kisha usitosheke na jibu. Ijaribu kwa simu yako na maikrofoni yako mwenyewe.

Mambo mengine mawili huwashtua watu wakiwa safarini. La kwanza ni kwamba katika baadhi ya simu za Android, matumizi ya vifaa vya nje kupitia tundu la chaji lazima yawashwe katika mipangilio, mahali palipoandikwa OTG, na kwa simu nyingine hujizima yenyewe baada ya dakika kadhaa kama hakuna kinachotumika. La pili ni kwamba programu ya kamera iliyokuja na simu huenda isiijali maikrofoni ya Taipu-C hata kama programu ya kurekodi sauti inaitambua. Kwa wanaochukua video, programu ya bure ya Open Camera ina sehemu ya kuchagua chanzo cha sauti, ambapo unaweza kuiambia itumie maikrofoni ya nje.

Kumbuka pia kwamba adapta ikikaa katika tundu la chaji, chaja haina mahali pa kuingia. Kwa mazungumzo ya saa moja hilo si tatizo; kwa ngoma ya usiku kucha ni tatizo kubwa, na hapo utafute adapta yenye tundu la pili la kuingizia umeme.

Maikrofoni zisizo na waya, ambazo kipokezi chake huchomekwa moja kwa moja chini ya simu, zimejaa Kariakoo na zinafaa kwa mtu anayetembea huku akizungumza. Nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo mwili wa binadamu huyazuia kwa urahisi, kwa hiyo mzungumzaji akikupa mgongo sauti inaweza kukatika. Kwa masimulizi ya mtu aliyekaa kwenye kiti, mimi bado nauamini waya.

Jaribio la ukucha

Hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alifanye hata akiyaacha mengine yote. Chomeka adapta kwenye simu, kisha maikrofoni kwenye adapta. Fungua programu ya kurekodi na uanze kurekodi. Kwa ukucha wa kidole cha shahada, ikwaruze maikrofoni ya nje polepole mara tatu, useme kwa sauti ya kawaida, "maikrofoni ya nje." Halafu ukwaruze mara tatu chini ya simu, penye kitundu kidogo cha maikrofoni yake, useme, "simu." Simamisha, usikilize. Mikwaruzo ya kwanza ikitoka kwa nguvu, karibu sana na sikio, na ya pili ikisikika kwa mbali au isisikike kabisa, adapta inafanya kazi. Mambo yakiwa kinyume chake, simu inatumia maikrofoni yake, na hakuna kupandisha sauti wala kusogeza kiti kutakakorekebisha hali hiyo.

Ukimaliza, rekodi tena sekunde 20 huku unaizungusha plagi ndani ya tundu taratibu na kuupindapinda waya pale unapoingia kwenye adapta. Chenga au mikatiko ikisikika, waya umekatika ndani au migusano ni mibovu, na barabara ya vumbi yenye mabonde itaumaliza kabla hujafika. Siku moja nikiwa Kariakoo nilimwomba kijana wa dukani, "Kaka, nipe dakika moja niijaribu hapa hapa." Akanijibu, "Jaribu tu, bosi wangu, mali ni yako." Ya kwanza haikupokea sauti, ya pili ilitoa chenga nilipoipinda, ya tatu ndiyo niliyoichukua, na ndiyo ninayoitumia hadi leo.

Jaribio hili hulifanya mara tatu: dukani, nyumbani usiku wa kuamkia safari, na mbele ya mzungumzaji kabla ya swali la kwanza. Mara hiyo ya tatu ndiyo watu huionea haya, wakidhani wataonekana hawaijui kazi yao. Kwa uzoefu wangu wazee huifurahia, kwa sababu wanaona kwamba maneno yao yanachungwa.

Maikrofoni ya pini tatu, na mitambo ya ukumbini

Baadhi ya wasafiri wana maikrofoni kubwa za mkononi, kama zile za makanisani na kwenye bendi, ambazo waya wake una pini tatu na huitwa XLR. Pini ya kwanza ni ya ardhi. Ya pili na ya tatu hubeba sauti ile ile katika mielekeo inayopingana, ili kelele ya umeme inayouingia waya njiani ifutike mwishoni. Unapogeuza kutoka XLR kwenda plagi nyembamba ya simu kwa adapta rahisi, ulinzi huo unapotea, kwa hiyo urefu wote uweke upande wa waya mnene wa XLR na upande wa simu uwe mfupi kadiri inavyowezekana.

Zitofautishe maikrofoni za aina mbili. Zile za dainamiki, kama Shure SM58 ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1966, hazihitaji umeme, lakini sauti yake ni dhaifu, na baadhi ya simu hazizitambui zikiletwa kwa waya mtupu. Zile za kondensa zenye pini tatu huhitaji umeme wa volti 48, ambao simu haiwezi kuutoa. Kwa aina zote mbili unahitaji adapta yenye kikuza sauti ndani yake, na kwa kondensa lazima iwe ile inayotoa hizo volti 48, ama kwa betri yake au kwa umeme wa Taipu-C. Maikrofoni ndogo ya kubana kifuani haina haja ya hayo yote. Inatosheka na volti chache ambazo tundu la maikrofoni la simu huzitoa lenyewe.

Hatari kubwa iko kwenye miksa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti za ukumbini. Umealikwa kurekodi taarabu au mhadhara, fundi mitambo ni mkarimu, anakupa waya kutoka kwenye miksa yake ili upate sauti safi moja kwa moja. Umeme wa sauti unaotoka hapo unakaribia volti moja au kuipita, ilhali simu inatarajia milivolti chache za maikrofoni. Matokeo yake ni sauti iliyopasuka kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na kupunguza kiwango ndani ya simu hakusaidii, kwa sababu imekwisha kupasuka mlangoni. Tumia waya wenye kipunguza nguvu ndani yake, au adapta yenye swichi ya kuchagua kati ya maikrofoni na mtambo, na umwombe fundi ateremshe sauti ya upande wako. Kama huna kimoja kati ya hivyo, shukuru kwa adabu, uirudie maikrofoni yako na kuiweka mbele ya spika kwa umbali wa hatua chache.

Kuiandaa simu

Ndani ya programu ya kurekodi, chagua faili za WAV, ambazo hazibani sauti, sampuli 48,000 kwa sekunde, njia moja ya sauti. Kwa mpangilio huo wenye biti 16, saa moja itachukua takriban megabaiti 346; ukichagua biti 24, itachukua takriban megabaiti 518. Piga hesabu ya safari nzima kabla ya kuondoka, ufute video za zamani mapema, kwa kuwa simu iliyojaa hukatisha rekodi katikati ya sentensi.

Kiwango cha sauti kiwe cha wastani: vilele vya mazungumzo vifike desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) chini ya sifuri, na sifuri ndiyo dari. Sauti inayoigonga dari hukatwa kichwa, na hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa, ilhali sauti iliyo chini kidogo unaweza kuipandisha baadaye. Kama programu inaruhusu, zima urekebishaji wa sauti unaojiendesha, maana kila mzungumzaji anaponyamaza kuvuta pumzi, simu hupandisha usikivu, na feni, majenereta na jogoo wa jirani huibuka.

Iweke simu katika hali ya ndegeni. Si kwa sababu ya simu zinazoingia peke yake: mtandao wa 2G hutuma mawimbi kwa vipande vifupi, kiasi cha 217 kwa sekunde, na waya wa maikrofoni ulio karibu hugeuka antena inayonasa ule mlio wa "titititi" tunaoufahamu sote kutoka redio za nyumbani. Kwa sababu hiyo hiyo, mwombe mzungumzaji asogeze simu yake mbali na waya.

Siku yenyewe

Mara nyingi sauti mbaya hutokana na umbali. Kila unapouongeza umbali mara mbili kati ya mdomo na maikrofoni, sauti ya mzungumzaji inapungua kwa desibeli sita hivi, lakini kelele za mahali hazipungui hata kidogo. Maikrofoni ya kubana iwekwe shubiri moja chini ya kidevu. Ya mkononi iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Ikiwa mzungumzaji ni mama aliyejitanda kanga au kuvaa ushungi, mpe maikrofoni aipitishe na kuibana mwenyewe, nawe umweleze kwamba itokeze nje ya kitambaa, kwa sababu kitambaa kinachoifunika huleta msuguano kila anapogeuza shingo. Waya uufanyie kitanzi kidogo chini ya kibanio, ili ukivutwa kinachovutwa kiwe kitanzi na si maikrofoni.

Adapta isining'inie kwenye tundu la simu. Uzito wake, ukijumlisha na wa waya, hulegeza tundu la Taipu-C, na katika pantoni au ndani ya daladala kila mtikisiko unauongeza ulegevu huo. Mimi huilaza adapta mgongoni mwa simu na kuifunga kwa mpira mmoja, ule wa kufungia noti, halafu simu naiweka juu ya kitambaa mezani, siitii mfukoni tena.

Pwani yetu ina upepo wake. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, kisha kusi huchukua zamu katikati ya mwaka, na karibu kila siku upepo wa baharini huongezeka mchana. Kofia ya sifongo inayokuja na maikrofoni inazuia pumzi, haizuii upepo wa Coco Beach. Hapo unahitaji kofia ya manyoya, na hata ukiwa nayo, rekodi asubuhi mapema, au jikinge nyuma ya ukuta au mwili wa chombo kilichopandishwa mchangani.

Ndani ya nyumba adui ni mwangwi. Chumba chenye vigae na kuta tupu hufanya kila neno lirudi, kwa hiyo chagua sebule yenye makochi na mapazia, au chumba chenye kitanda na godoro, na uketi karibu na vitu hivyo laini. Omba kuzima feni. Friji nayo hunguruma. Ukiruhusiwa kuichomoa, ziweke funguo zako za nyumbani ndani yake, nawe hutaondoka ukaacha samaki wa watu waharibike. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, panga muda wa ziada, kwani mvua ikilipiga bati hakuna adapta itakayokuokoa. Adhana ikianza, nyamazeni, iache simu iendelee kurekodi, na baada yake mwombe mzungumzaji airudie sentensi yake ya mwisho.

Mvumo mzito usiokatika, ambao si wa chombo chochote chumbani, kwa kawaida ni umeme wa ukutani wa hezi 50 unaoingia kupitia chaja. Chomoa chaja, tumia pawa benki, na mara nyingi mvumo utatoweka papo hapo.

Na kabla ya haya yote, kuna ruhusa. "Shikamoo, mzee," "Marahaba, mwanangu," halafu mweleze unarekodi nini, sauti itakwenda wapi na nani ataisikia, na majibu yake uyarekodi mwanzoni mwa faili pamoja na tarehe na mahali. Adabu yetu inadai hivyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inazihesabu taarifa za mtu kuwa jambo la kulindwa. Katika maeneo ya pantoni, bandari na vituo vya treni, waone wahusika kwanza kabla ya kuitoa maikrofoni yenye manyoya, maana inavuta macho.

Nilirudi kwa yule mzee wa Feri baada ya wiki mbili nikiwa na adapta sahihi. Nilimweleza ukweli, kwamba maneno yake ya kwanza niliyapoteza kwa uzembe wangu. Alicheka, akanyoosha mkono, akaikwaruza maikrofoni mwenyewe kwa ukucha mnene wa kidole gumba, akaniambia, "Haya, sikiliza kwanza kama nimo." Alikuwemo.

Baada ya kurudi

Usiku ule ule, kabla ya kulala, nakili faili kwenye kompyuta au memori kadi, na nakala ya pili mahali pengine. Zipe majina yanayoanza na tarehe, kisha mahali. Ukilazimika kutuma kwa WhatsApp, tuma kama waraka, kwa sababu faili linalotumwa hivyo hufika kama lilivyotoka.

Jasho na hewa ya chumvi huacha utando kwenye migusano. Ifute plagi kwa kitambaa kikavu kila ukirudi, na mara mojamoja kwa pamba iliyoloweshwa kidogo spiriti ya isopropili, ikauke kabisa ndiyo uichomeke. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la nje, viache vifaa ndani ya mkoba uliofungwa kwa robo saa hivi, la sivyo unyevu utaganda juu ya chuma baridi. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, viweke katika kipochi cha adapta. Waya uukunje kwa mizunguko mipana, usiuzungushe kwenye vidole.

Beba adapta mbili, zote zikiwa zimepita jaribio la ukucha, na ya akiba ikae katika mfuko tofauti na ya kwanza. Adapta itakayoanza kutoa chenga, ikate waya kwa mkasi siku hiyo hiyo na kuitupa. Ukiirudisha mkobani ukidhani utaikumbuka, alfajiri yenye haraka ya kuwahi boti utaichukua hiyo hiyo, kwa sababu zote ni nyeusi na zina urefu wa kidole.